Mzigo Usiosema Njiani

Kwa Émilienne, nyanya haikuwa kitu cha kubebwa. Ilikuwa kitu cha kusindikizwa. Alilisema hilo tangu akiwa msichana, alipokuwa akishuka na mama yake kutoka milima ya Fizi hadi soko la Baraka, kitunga mgongoni na kamba imebana paji la uso, na alikuwa bado akilisema alipotimiza miaka arobaini na saba, mjane mwenye mgongo ulioanza kupinda na vidole vyembamba ambavyo mgeni angedhani ni vya mpiga likembe, kile kinanda cha vidole gumba.

Kanuni zake zilijulikana sokoni kote. Nyanya huchumwa kabla jua halijapanda, shingo yake ikiwa bado na ukijani. Hupanguswa kwa kitambaa kikavu, haioshwi kamwe. Kikonyo huondolewa kisije kikamchoma jirani. Matabaka ni matatu, hayazidi, na kila tabaka hulazwa juu ya majani makavu ya mgomba yaliyokunjwa kwa namna ambayo mama yake alimfundisha kwa kumpiga vidole. Kisha ndipo huja jambo ambalo wachuuzi wengine walilicheka mpaka walipoona nyanya za Émilienne zikikaa siku tano juu ya meza bila kulainika: alikifunika kitunga, akaweka sikio ubavuni mwake, akakitikisa kidogo. Akisikia nyanya zikigongana, hata kama ni mbili tu, alifungua na kupanga upya tangu chini.

"Nyanya yenye inasema njiani imeshakufa," aliwaambia wasichana waliokuja kujifunza kwake. "Inangojea tu soko ndiyo ijulikane."

Vita vilipoingia mara ya pili, mwaka wa tisini na nane, mgongo huohuo ulichukuliwa kwa nguvu. Askari waliwakusanya wanawake sokoni asubuhi ya gulio. Walikuwa wa bendera gani, Émilienne hakujua wala hakujali, maana katika miaka ile Baraka ilibadilisha bendera kuliko mwanamke maskini anavyobadilisha kitenge. Waliwatwika masanduku ya makombora na kuwapandisha Fizi. Mtu wa kwanza kujikwaa alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Mutambala aliyekuwa akinyonyesha. Alipigwa kitako cha bunduki akaachwa kando ya njia. Sanduku lake, kwa upande wake, lilipokewa na askari wawili kwa mikono minne, likawekwa chini taratibu, kama watu wanaolaza mtoto mchanga.

Walipofika juu, Émilienne aliona sanduku hilo likifunguliwa. Ndani mlikuwa na sponji safi, na kila kombora lilikuwa na kitanda chake, limelala kwa ukubwa wake kamili, bila nafasi ya kugongana na jirani. Palikuwa pamepangwa vizuri. Hilo ndilo lililomtapisha. Aliyepanga sanduku lile alikuwa fundi, tena fundi anayejua kazi kama yeye mwenyewe aijuavyo, na alikuwa ameutoa ufundi wake wote kwa chuma. Alitapika nyuma ya kichaka, akafuta mdomo, akateremka. Kichefuchefu kile hakikumtoka tena. Kilijificha tu, kama malaria.

Mwaka wa 2003 karatasi za amani zilitiwa saini katika miji ambayo Baraka iliisikia redioni tu, na kabla amani yenyewe haijafika, Mradi ulifika. Jina lake kamili lilikuwa Mradi wa Mboga Salama. Ulijenga hangari ya mabati karibu na ufuko, ukaleta jenereta, kisha boti ikashusha mashine iliyofungwa vipande vipande. Mashine hiyo ilikuwa imezeekea Ulaya katika nyumba ya kufungashia matunda, na sasa ilikuwa zawadi. Émilienne alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba zawadi nyingine ni takataka iliyopata mahali pa kutupwa. Hata hivyo alipoitwa kuja kuongoza wanawake kumi na wawili wa kufungasha, alikwenda. Mashine ilijua kubeba, haikujua kupanga. Kupanga kulihitaji vidole.

Aliyeiunganisha mashine ile alikuwa Henri, fundi kijana kutoka Bukavu waliyemwita ingénieur, mwenye sauti ndogo na suruali iliyopigwa pasi hata siku za vumbi. Siku ya kwanza aliwaonyesha akina mama kazi yake kwa fahari ambayo hakuweza kuificha. Vikasha vya nyanya vilivyokwisha fungwa viliwekwa juu ya mkanda wa mpira, na mkanda ulipita juu ya rola zilizovishwa sponji unene wa vidole viwili, kikasha kisihisi kwamba kinasafiri. Mwisho wa mkanda palikuwa na mkono wa chuma wenye vikombe vinne vya mpira. Mkono ulishuka, ukapunguza mwendo wenyewe ulipokaribia, vikombe vikafyonza kifuniko, kikasha kikainuliwa na kuwekwa juu ya vingine pasipo kutoa mlio wowote.

Zainabu, mfungashaji aliyekaa karibu na Émilienne tangu siku hiyo hadi mwisho, mke wa mwenye boti na mtani asiye na breki, aliutazama mkono ule kwa muda mrefu.

"Yaya," alimwambia Émilienne, akimwita dada mkubwa, kwa sauti ya kusikika na wote, "bamuulize ingénieur kama banaweza kuniazima huu mukono. Ule wa bwana yangu haujuagi polepole."

Kisha Henri akatoa mfukoni nyanya ya plastiki. Ilikuwa na ukubwa wa nyanya, wekundu wa nyanya, hata uzito wa nyanya, lakini tumboni mwake mlikuwa na chombo kilichoandika kila pigo lililoipata. Inawekwa ndani ya kikasha katikati ya nyanya za kweli, alieleza, inasafiri nazo, na mwisho wa safari inafunguliwa na kusomwa kwa kompyuta. Hata ukiigusa kwa ukucha, inakumbuka.

"Mwaka wa tisini na nane mungetuwekea ile mu mugongo, ingénieur," Zainabu alisema. "Ingejaa mbele ya kufika Mutambala."

Wanawake walicheka kicheko cha watu wanaojua wanachocheka. Henri hakujua aweke wapi macho yake.

Émilienne hakuichukia mashine. Hili halina budi kusemwa, kwa kuwa baadaye watu wengi walisema vingine. Mkono ule aliuheshimu kama mtu anavyomheshimu mwenzake wa kazi asiye na maneno mengi. Kilichomkera kilikuwa pembeni mwa mashine. Mkubwa wa Mradi, Bwana Raphaël, alikuwa amekwenda kwa kamanda wa mji na kupata amri: mzigo wa Mradi usiguswe, wala anayeusindikiza asiulizwe karatasi. Ulifunikwa kwa maturubai meupe yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu, MBOGA SALAMA, MZIGO LAINI, BEBENI POLEPOLE, na askari mmoja aliyethubutu kufungua kikasha alilazwa mbele ya soko na kuchapwa fimbo hadharani. Wakati huohuo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuondoka Baraka kwa maji bila kikaratasi kilichotiwa saini na kamanda mwenyewe, walichokiita jeton. Watu walikingojea wiki mbili, wiki tatu. Wanawake walipekuliwa gatini kwa namna ambayo Zainabu peke yake ndiye aliyepata kuitania, na hata yeye hakucheka. Kikasha cha nyanya kilipita barabarani kikipigiwa saluti.

Émilienne aliliona hilo kila siku, akalimeza.

Binti yake wa pekee, Nadège, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe, Willy, alikuwa bado katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, anangoja kuona kama amani ina miguu. Asubuhi ya Alhamisi moja ya mwezi wa saba, Nadège aliamka akakuta mkeka umelowa damu. Hakuwa na maumivu, na hilo lilimtisha mama yake zaidi kuliko kilio. Walimbeba kwa shuka hadi kituo cha afya. Muuguzi Florentine, mwanamke mfupi aliyezoea kusema habari mbaya bila kuipamba, alimpapasa tumbo na kumvuta Émilienne mlangoni. Alieleza kwamba kondo la nyuma limekaa kwenye mlango wa kizazi. Mtoto hawezi kupita bila kulipasua, na likipasuka, mama na mtoto wanakwenda pamoja. Nadège alihitaji daktari wa kupasua. Daktari wa karibu alikuwa katika hospitali ya Nundu, upande wa kaskazini.

"Asipande kinga, asipande moto," Florentine alisema, akimaanisha baiskeli na pikipiki. "Alazwe, na asitikisike. Akitikisika damu itafunguka, na mi sina kitu ya kuifunga. Iko na siku ya leo, mama. Ya kesho mi sijui."

Émilienne alijua chombo kimoja tu katika Baraka yote ambacho hakitikisi. Nje ya hangari ilisimama gari ndogo ya Mradi yenye kitanda cha springi nyuma, kilichotengenezwa ili barabara ya Uvira isiziumize nyanya. Asubuhi ileile ilikuwa ikipakiwa vikasha kumi na viwili. Wafadhili walikuwa wakisubiri Uvira, na Jumamosi wangekuja wenyewe kuiona mashine. Barabara ya Uvira hupita Nundu, mbele ya lango la hospitali.

Aliingia katika ofisi ya Bwana Raphaël, akasimama mikono imekunjwa tumboni, akaeleza kwa maneno machache. Raphaël alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, wala machoni pake mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Aliuliza umri wa Nadège, akasikitika kwa ulimi, akavua miwani na kuipangusa.

"Mama Nadège, pole sana," alisema. "Lakini hii gari iko ya mboga. Wee mwenyewe unaona, imeandikwa."

Émilienne alimjibu kwamba binti yake hatagusa kikasha. Atalala katikati, mwembamba kama alivyo. Raphaël akaanza kumweleza, kwa upole wa mwalimu aliyepewa mwanafunzi mzito. Uzito wa mtu utazikandamiza springi. Springi zikikandamizwa, nyanya ya plastiki itaandika mapigo ambayo si ya kweli. Wafadhili watasoma kwamba mashine imeshindwa. Mradi utafungwa, na akina mama kumi na wawili watarudi kukaa chini.

"Weye unawaza mutoto moja," alimalizia. "Mi niko nawaza bamama kumi na mbili."

Alimshauri amsubiri kamanda, aliyekuwa amepanda Fizi na angerudi Jumatatu, amwombe jeton ya boti. Angemwandikia hata barua ya kumtambulisha.

Kupitia dirishani Émilienne aliwaona vijana wawili wakikipandisha garini kikasha cha mwisho, kile chenye nyanya ya plastiki. Walikishika kwa mikono minne. Mmoja alimwambia mwenzake ashushe taratibu. Émilienne aliikumbuka mikono minne ya njia ya Fizi, akamgeukia Raphaël.

"Basi Nadège iko na kosa moja tu," alisema. "Hakuzaliwa nyanya."

Raphaël alitabasamu kidogo, akidhani ni mzaha wa kuagana. Gari iliondoka. Ilikwenda mwendo wa mazishi, ikiyakwepa mashimo.

Maneno yalikuwa yametoka mdomoni mwake bila kupangwa, naye aliyasikia akiwa tayari uani, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa nyuma. Alisimama juani akayarudia kimoyomoyo. Kisha hakwenda nyumbani. Alikwenda hangarini, akachukua kisu cha kukatia vikonyo, akapiga magoti kando ya mkanda, akaanza kuivua rola ya kwanza sponji yake.

Henri alikuwa upande wa pili na bisibisi mkononi. Alimtazama akimaliza rola ya kwanza na kuanza ya pili ndipo akapata sauti. Alisema wafadhili wanakuja Jumamosi. Alisema bila sponji vikasha vitarukaruka. Alisema yeye ndiye atakayeulizwa. Émilienne hakusimamisha kisu. Alimweleza yaliyompata Nadège, na alichojibiwa ofisini, akitaja kila neno.

"Toka inje uvute sigara, ingénieur," alimaliza.

"Mi sivutagi, mama."

"Leo utaanza."

Henri akaweka ufunguo wa ghala la maturubai juu ya mkanda, pale ambapo vikasha huwekwa, akatoka nje. Zainabu, aliyekuwa amesikia yote, tayari alikuwa amewaita wengine, na visu vikawa sita.

Nadège aliletwa nyumbani kwa Zainabu, hatua mia moja kutoka gatini. Hapo Émilienne alifanya kazi yake, ile aliyoifanya miaka thelathini na zaidi. Alitengeneza kipoyi, machela ya miti miwili na kamba. Akatandika sponji chini, tabaka juu ya tabaka, na akakunja nyingine chini ya nyonga za binti yake ili ziinuke. Ubavuni alijaza majani makavu ya mgomba, si kwa kuyabana, bali kwa kuyakunja vile alivyofundishwa, mpaka pasibaki nafasi ya kidole kati ya mwili na mti. Juu ya uso alipinda fito, turubai lisimguse na hewa ipite. Kichwani na miguuni aliweka kikasha kimojakimoja cha nyanya za kweli, zilizoiva, ili atakayeinua pembe aone kile alichotegemea kuona. Hakuharakisha. Wenzake walimpa majani bila kusemeshwa, na hakuna aliyetania.

Alipomaliza kufunika, aliinama akaweka sikio ubavuni, akakitikisa kipoyi kidogo sana. Kimya. Akaikunjua pembe ya turubai.

"Mama," Nadège alinong'ona, "tumbo linakaza. Nikisikia kulia?"

"Utalia Nundu," mama yake alisema. "Hapa weye ni nyanya. Na nyanya zangu hazisemagi njiani."

Wanawake wanane walikiinua, wamevaa aproni za Mradi, Émilienne mbele na Zainabu nyuma. Walitembea katikati ya mji, juani, mbele ya macho ya watu, na watu waliwapisha njia kwa sababu maandishi mekundu ya turubai yaliogopwa hata na wasiojua kusoma. Boti ya Rashidi, mumewe Zainabu, ilikuwa imefungwa mwisho wa gati ya mbao. Kati yao na boti alisimama askari mmoja, mrefu, mwenye macho mekundu ya watu wasiolala.

Aliuliza kwa nini mzigo wa Mradi unapanda boti leo, ilhali kila siku unapanda gari. Émilienne alimwambia gari imejaa na imeondoka. Hizi zimeiva kupita kiasi, hazivumilii barabara. Askari akainua pembe ya turubai kwa mdomo wa bunduki, akaziona nyanya, akanyoosha mkono achukue moja.

"Chukua," Zainabu alimwambia kwa upole. "Halafu umuulize yule mwenzako bamechapa mbele ya soko kama ilikuwa tamu."

Mkono ukarudi. Lakini hakuwapisha, alibaki akifikiri, au akijifanya kufikiri, kwa kuwa kusimamisha watu ndiyo kazi pekee aliyoachiwa na vita. Kipoyi kilikuwa mabegani. Émilienne alihisi mti ukitetemeka kidogo begani mwake, na tetemeko hilo halikutoka kwa wabebaji. Tumbo la Nadège lilikuwa linakaza. Alingoja sauti. Haikuja. Badala yake likaja tone jekundu. Lilianguka juu ya ubao wa gati, kati ya viatu vya askari, kisha la pili, kisha matatu kwa pamoja.

Askari aliyatazama. "Inavuja," alisema.

"Inavuja kwa sababu umeisimamisha ku jua," Émilienne alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama kitambaa cha kupangusia. "Ikiharibika, nitaambia kamanda ni nani mwenye aliiharibu. Jina yako?"

Hofu ilimpitia askari usoni, hofu ya kweli, ya fimbo ya kweli, na ghafla akawa mwingine. Aliitupa bunduki mgongoni, akawaambia wapite, wapite polepole, wasikwaruze, na yeye mwenyewe akashika mti wa kipoyi kwa mikono miwili, akaingia majini hadi magotini, akawasaidia kuushusha mzigo ule ndani ya boti. Aliushusha kwa uangalifu mkubwa. Alipanua vidole chini ya kamba ili usigonge. Alisema, taratibu, taratibu, kwa sauti ambayo pengine mama yake mzazi aliwahi kuisikia.

Émilienne alikuwa karibu naye kiasi cha kunusa jasho lake, na kitu pekee alichotamani ni kuitapikia mikono ile. Iliweza, basi. Siku zote iliweza. Upole haukuwa umepotea vitani, kama wahubiri walivyodai kila Jumapili. Ulikuwepo, mzima, umewekwa akiba, na ulitolewa kwa makombora na kwa nyanya.

"Asante, mutoto yangu," alimwambia, kwa sababu kamba ya boti ilikuwa haijafunguliwa.

Rashidi alikiweka kipoyi katikati kabisa ya boti, Émilienne na Zainabu wakapanda nacho. Kila aliyewahi kusafirisha nyanya ziwani anajua kwamba mbele hupigwa na wimbi na nyuma hutetemeshwa na mota. Katikati ndipo maji husahau kwamba yanabeba kitu. Rasi ya Ubwari iliwakinga na upepo wa kusini, nao wakapanda kaskazini ndani ya ghuba, mota ikilia kwa sauti ya chini, Émilienne amepiga magoti na kiganja juu ya goti la binti yake. Gati ilipogeuka kuwa mstari, alilifunua turubai. Nadège alikuwa amekunja kitenge akakitia mdomoni. Alikiuma mpaka kikatoboka. Hakukitoa mpaka walipopita kijiji cha Mboko, na alipokitoa hakulia. Aliomba maji.

Daktari wa Nundu alimpasua saa tisa alasiri. Mtoto alitoka wa kike, mdogo, mwenye hasira, akapiga kelele kwa niaba ya wote. Nadège alipoteza damu nyingi, akapewa ya Zainabu, akaishi. Wakati Émilienne akingoja ukumbini, mlinzi wa lango alimsimulia, kwa kuua wakati tu, kwamba asubuhi gari ya Mradi ilisimama mbele ya lango dereva akanunua karanga. Ilikuwa na kitanda kizuri, mlinzi alisema. Nafasi tele.

Jumamosi alirudi Baraka na Rashidi. Alikuwa na furushi kichwani.

Hangari ilikuwa imejaa. Wafadhili wanne walisimama kando ya mkanda, mmoja wao mwanamke mwenye kofia pana, na Bwana Raphaël alikuwa akizungumza Kifaransa kwa kasi ya mtu anayezama. Alikuwa ameamuru rola zivishwe magunia badala ya sponji. Magunia yalijikunja, mkanda ukarusha vikasha, na vifuniko vikaachia. Sakafu ilikuwa nyekundu. Nyanya zilizopasuka zilisagika chini ya viatu, na harufu yake ya uchachu ilichanganyika na dizeli. Mashine ilikuwa bado inazunguka, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuizima mbele ya wageni. Henri alisimama kando ya swichi, uso wake wa kijivu, akingoja amri.

Émilienne hakuomba nafasi. Alipita kati ya wageni, akafungua furushi, na kuanza kuviweka vipande vya sponji juu ya mkanda, kimoja nyuma ya kingine, kwa mstari, kama anavyoweka vikasha. Vilikuwa vimekauka kwa damu na kuwa vyeusi, vigumu pembeni, vingine vimegandamana. Mkanda ukavichukua. Vikapita mbele ya macho ya wafadhili, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Mwisho wa mkanda mkono wa chuma ukashuka, ukapunguza mwendo kwa adabu yake ya kawaida, vikombe vikafyonza, visipate kifuniko cha kushika, ukapanda mtupu, ukashuka tena.

"Ni zenu izi," Émilienne alisema. "Muzigo ulifika Nundu. Haukuumia. Muandike."

Mwanamke mwenye kofia aliuliza kitu. Raphaël alitabasamu, akajibu kwa sentensi ndefu. Émilienne hakujua Kifaransa, lakini aliona nyuso za wageni zikilainika, na mwanamke yule akiweka mkono kifuani. Kisha wakapiga makofi.

Henri alikuja karibu naye, macho chini. "Amewaambia unashukuru Mradi, mama," alisema. "Amesema ile ni rangi ya nyanya."

Émilienne aliwatazama wale wanne waliokuwa wakimpigia makofi, mikono yao safi, laini, inayogongana bila kuumia. Akatema mate sakafuni, katikati ya nyanya zilizosagika, akatoka. Hakuna aliyemfukuza kazi. Hakuwapa muda huo.

Mashine ilikaa hangarini mpaka jenereta ilipopelekwa kwa kamanda kwa matengenezo na isirudi. Émilienne alirudi kwenye kitunga. Nadège na mtoto walipopata nguvu, alimpanga mjukuu katika mgongo wa mama yake kwa mikono yake mwenyewe, akifunga kitenge, akikifungua, akikifunga tena mpaka aridhike. Kisha yeye akapanda Mutambala kununua nyanya za asubuhi, akateremka nazo hadi Baraka, kamba kwenye paji la uso, akavipita vizuizi viwili vya askari. Waliokutana naye njiani katika miezi ile wanakumbuka jambo moja. Kitunga mgongoni mwake hakikusema neno. Aliyesema ni yeye, njia nzima, kwa sauti, akisimulia habari za Nadège na gari ya nyanya, bila kupunguza mbele ya mtu yeyote mwenye bunduki.